Masafa ya Msituni

Mke wangu aliiita skana yangu "umbea wenye antena", na hakukosea. Ni kadude ka kushika mkononi, kazi yake kunasa mazungumzo ya watu wenye redio za upepo. Masafa nilikuwa nimeyapanga kwa mafungu: watu wa reli fungu lao, walinzi wa maghala ya tumbaku lao, madereva wa malori lao, askari wa misitu lao. Nikikaa barazani kwangu Isevya, Tabora nzima ilikuwa masikioni mwangu.

Mwaka juzi mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikwenda kurina asali msituni, mbele ya Isikizya, asirudi. Askari wa misitu na wanakijiji wakaingia kumtafuta. Simu za kawaida huko hazishiki. Tukabaki na skana, mimi na mama, tumeiweka juu ya kigoda katikati yetu.

Lakini skana ina ujinga wake. Inazunguka masafa yote, ikimkuta anayeongea inamng'ang'ania huyo huyo. Asubuhi ile ikawang'ang'ania walinzi wa tumbaku, wanabishana nani kamaliza mboga ya mwenzake. Nikapandwa na hasira.

"Hivi nyie hamna mama?" nikafoka, kana kwamba wananisikia.

Nikaanza kufuta. Reli, walinzi, malori, kazi yangu ya miaka yote ile, mpaka yakabaki ya msituni tu. Kisha kimya. Kimya kibaya, jamani! Nikadhani nimeyafuta na yenyewe. Mama alikuwa anasali, Kinyamwezi na Kiswahili pamoja. Nilitaka kumwambia anyamaze, nikashindwa.

Skana ikakoroma, ikatoka sauti ya mwanamume anayehema.

"Tumeupata. Huku bondeni. Tumeupata."

Hakusema tumempata. Ile "u" niliigeuza kila upande. Mzinga, nikajiambia, wameupata mzinga wake. Au mfuko. Mfuko nao si ni "u"? Hata mkuki, hata mwavuli, ee Mungu wangu, vitu vyote hivyo ni "u", kwa nini kisiwe kimojawapo?

Sauti ikarudi, safari hii taratibu. "Nyumbani kwao wasiambiwe kwanza."

Mama akaacha kusali.

"Mwanangu," akaniuliza, "wameupata nini?"