Bakuli Jeupe la Vitoto vya Kambale

Mvua kubwa ya Februari ilipoanguka, kambale walitoka ziwani wakapanda kijito hadi kwenye majani yaliyofurika maji chini ya shamba letu la ufuta, upande wa Mbekenyera. Walikuja alasiri, migongo nje ya maji, wakijipinda kwenye nyasi kama nguo inayokamuliwa. Bibi alinikataza kuokota hata mmoja. Kwetu, migono, ile mitego ya vijiti, haitegwi kijitoni mpaka kambale watage na vitoto vishuke ziwani.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Bibi alichota maji kwa bakuli jeupe, akayatazama, akayarudisha taratibu. Siku ya nne aliniita. Ndani ya bakuli kulikuwa na vijiuzi vyeusi vyenye macho, vinatetemeka.

"Hao ndio mboga yetu ya mwakani," alisema. "Hata kuwakoholea usiwakoholee."

Kesho yake nilipuliza dawa ya wadudu kwenye ufuta. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Nachingwea mjini mwezi huohuo, na nilitaka nionekane mchapakazi. Msimu wa kupulizia mikorosho kijito huwa mchanga mtupu. Watu wote huoshea mabomba ya dawa pale, mchanga ukainywa. Mkono wangu ulifuata mazoea. Nilisuuza bomba kijitoni, nikamwaga, ndipo nikaona maji yamekuwa meupe kama maziwa, na ule weupe unatambaa kuelekea kwenye majani.

Nilifikiria kunyamaza. Niliangalia nyumbani, nikaangalia maji, nikaona weupe umeongezeka urefu. Nikapiga kelele.

"Umemwaga wapi?" Bibi aliuliza. "Juu ya mkorosho ulioanguka, pale maji yanapoingilia majanini, au chini yake?"

"Juu, Bibi."

Sikuwahi kumwona akikimbia. Tulilundika tope kwa majembe kwenye mlango wa majani, tukapasua ukingo, kijito kikamwagikia kwenye mahindi. Nilisikia tu pumzi yake, fupi, na niliiogopa kuliko matusi.

Asubuhi alinipa bakuli.

"Haya, msomi. Chota."

"Naogopa, Bibi."

"Kwani mimi siogopi? Chota."

Karibu na tope, vitoto vilielea matumbo juu, vimepauka kama majivu. Katikati, bakuli lilitoka na maji matupu. Nilikwenda hadi mwisho, kwenye matete, mikono ikitetemeka kiasi kwamba sikujua kinachotikisika ni maji au uhai. Bibi alishika ukingo wa bakuli mpaka likatulia. Vijiuzi vyeusi vilikuwa sita, na vilijongea.

Hakucheka, wala hakunisamehe kwa maneno. Alirudi nyumbani, akaichukua migono aliyokwisha kuiweka tayari mlangoni, akaipandisha darini juu ya moshi.

"Mwaka huu hatutegi," alisema. "Hawa waliobaki waende zao."

Bado hawajashuka ziwani. Siku hizi mimi ndiye ninayechota, na kila asubuhi, kabla ya kutazama ndani ya bakuli, hufumba macho kwanza.