Picha za Dada kutoka Ng'ambo

Leo jirani yangu hapa Mbarara anakaanga ndizi kwa mawese, na harufu imenirudisha Kashojwa, kambini tulikokuwa wakimbizi, mlangoni petu, mama akijifuta mafuta mikononi kwa kitenge ili ashike simu aliyotuazima mama jirani.

Dada yangu mkubwa alikuwa ametolewa kambini na kupelekwa kuishi ng'ambo, peke yake. Picha zake zilifika kwenye simu ile: daraja refu, ziwa lililoganda, miti isiyo na jani hata moja. Majirani walijazana wakishangaa. Mama alizitazama zote, kisha akampigia dada.

"Fasi ni muzuri, lakini mutoto wangu eko wapi?"

"Mama, ni mimi napiga picha. Nani atanipiga?"

"Omba mutu."

Siku chache baadaye ilikuja moja yenye yeye mwenyewe, amesimama kando ya basi jekundu. Koti lilimmeza. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na macho yamekuwa makubwa kupita uso. Mama aliukuza ule uso kwa vidole mpaka ukajaa kioo chote.

"Muone vile amenenepa," akasema, akizungusha simu ili kila mtu aone.

"Kweli, mama, amenenepa," wakajibu mmoja mmoja.

Mimi pia nilisema hivyo. Dada alizikwa hukohuko kabla hatujavuna mahindi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo.