Koti Juu ya Kitenge

Faustine alifika London mwaka 1996 akitokea Bukavu, na karatasi zake za ukimbizi ziliandikwa jina la kiume, Telesphor. Kwa jina hilo alisafisha ofisi, na kwa jina hilo aliimba kwaya Woolwich pamoja na mdogo wake, Agathe. Jumamosi tu, chumbani kwake Hounslow, alivaa gauni na kujiita Faustine. Ili athubutu kutoka nalo mpaka kituo cha basi, alikunywa kwanza. Mwanzoni glasi moja ya pombe ya jini ilitosha kumpa moyo. Baada ya miaka sita, chupa nzima haikutosha kumwondoa kitandani.

Aliyempokea kwenye kliniki ya watu wanaotaka kuacha pombe, kule Tooting, alikuwa Lila, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Alimuuliza kwa Kiswahili, "Nikuite nani?" Faustine akalia kabla hajajibu.

Akakaa miezi minane bila kuonja tone. Akaanza kuvaa magauni mchana kweupe, bila kunuka pombe.

Ndipo mama yao akafariki Bukavu. Msiba ukawekwa kwa Agathe, huko huko London. Faustine akaenda amevaa kitenge cheusi na kilemba. Agathe akamzuia mlangoni.

"Watu wamejaa ndani. Nakuomba, kaka, usiniaibishe leo." Akamnyooshea koti la mumewe. "Vaa hili, ukakae na wanaume."

Faustine alitaka tu kumlilia mama. Akavua kilemba, akalivaa koti. Wanaume wakamsogezea kiti, wakampa pole, wakammiminia wiski kama mwanamume aliyefiwa. Jikoni wanawake waliimba nyimbo alizofundishwa na mama. Akanywa. Akanywa na ya pili.

Wiki tatu hakufungua mlango. Lila alipiga simu kila asubuhi, hadi siku moja Faustine akapokea.

"Nimeanguka, Lila."

"Njoo hivyo hivyo."

Akaenda. Akaacha, akaanguka tena, akaacha. Mwaka 2005 aliacha moja kwa moja, lakini ini lilikuwa limeshaharibika, akalazwa.

Agathe alikuja hospitalini mara moja. Alimchana nywele taratibu, akazigawa, akazisuka mistari miwili. Nesi akauliza mgonjwa ni nani wake. Agathe akaishika ncha ya msuko.

"Ni wa kwetu," akasema.

Faustine alikuwa amefumba macho, akingoja asikie neno dada. Neno halikuja, na macho hakuyafumbua.