Siku Tuliyokwenda Kumchukua Biira Ziwani

Sisi tuliokulia Bwera kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto, likizo ya Agosti tuliijua kwa vumbi. Vumbi kwenye nywele, vumbi ndani ya kikombe cha chai, vumbi kwenye mpira wa soksi tuliochezea kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, mpaka jua linaegemea milima ya Kongo. Asubuhi unachota maji, unapalilia maharage, ukimaliza unatoroka. Ukichelewa kurudi, unakuta obundu, ugali wetu wa mihogo, imeshakuwa ngumu kama kisigino na sombe, yale majani ya mihogo, limebaki kidogo tu chini ya sufuria, lakini unakula na kulamba vidole. Mtoto wa leo mpe sombe la jana uone. Atakuuliza chipsi iko wapi.

Jioni ndipo palikuwa na kichekesho. Akina mama walisimama milangoni wakiita watoto. Kwetu Wakonjo, jina la msichana linasema amezaliwa wa ngapi: wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho. Kwa hiyo mama mmoja akiita "Masika", wanaitika Masika kumi na wawili, na yule anayetakiwa ndiye anayenyamaza. Mama yetu alikuwa anaongeza, "Si Masika ya kijiji. Naita Masika yangu."

Yeye aliita wawili tu, Masika na Kabugho. Kabugho ndiye mimi. Sasa mtu yeyote wa kwetu akisikia majina hayo mawili anajua palipo na pengo, na lazima aulize, "Na Biira?" Mama alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na Kiswahili chake ni cha huko. Alikuwa anajibu neno moja. "Iko." Yaani yupo. Halafu anaulizia habari ya mvua.

Ngoja nikuambie wewe jambo ambalo mimi sikuambiwa. Biira alikufa kabla sijazaliwa. Mama alikuwa amekwenda kusalimia kwao na wasichana wake wawili, vita ikamkuta hukohuko, akarudi kwa mtumbwi mkubwa wa wavuvi uliojaa watu. Biira alikuwa bado hajaanza kutembea. Homa ilimshika katikati ya maji. Mtumbwi ulipogusa mchanga wa Uganda, mama alikuwa amebeba mtoto asiyepumua. Wanawake wa kambi ya wavuvi walimsaidia kumzika palepale, mbali kidogo na maji, karibu na ile miti ya utomvu mkali yenye matawi kama kinara cha mishumaa ya kanisani. Hayo nilikuja kuyajua nikiwa mkubwa. Wakati ule nilikuwa na miaka saba na neno moja tu, iko. Na mtu aliyeko, si lazima awe mahali?

Basi nikajitengenezea Biira wangu. Shuleni nilisema anasoma bweni. Nilijua hapendi maharage na anaogopa bata. Kikombe kikivunjika nyumbani nasema labda ni Biira, na Masika ananifinya sikio bila kunieleza kwa nini.

Mwaka ule, shule zilipofungwa tu, nilimsikia mama jikoni akiongea na baba.

"Baba Masika, wanasema maji inapanda. Inakula kambi. Itamuchukua."

Baba akasema atamwomba mjomba pikapu yake.

"Tumulete nyumbani," mama akasema.

Wao walikuwa wanapanga kwenda kuchota udongo wa kaburi, wauzike nyuma ya nyumba yetu kabla ziwa halijafika. Mimi niliyesimama nyuma ya mlango nilisikia kwamba dada yangu yuko hatarini na tunakwenda kumchukua. Nilikimbia chumbani nikatoa gauni langu la njano, lile lililokuwa kubwa kidogo kwangu. Nikalikunja nikalificha ndani ya sweta.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mama na baba mbele, Masika na mimi nyuma juu ya godoro, na dumu la maji, na kabalagala, vile vitumbua vya ndizi ambavyo mama alivikaanga usiku. Niliacha nafasi katikati yetu.

"Usikae hapo," nikamwambia Masika. "Ni ya Biira."

Masika alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa anajua. Aliniangalia muda mrefu, nikangoja kufinywa. Hakunifinya. Alisogea.

Safari ilikuwa tamu, kwa kweli. Hakuna aliyekuwa anapiga picha, kwa hiyo tulitazama. Tulipita Kikorongo, baba akasimamisha gari penye mstari wa Ikweta, na Masika akanidanganya kwamba ukiruka ule mstari bila kubana pumzi unazeeka haraka. Niliruka nimevimba mashavu, baba akacheka mpaka akakohoa. Mbele kukawa na nyika, swala wamesimama wakituangalia kama wageni waliochelewa sherehe, na Katwe, ziwa la chumvi, maji yake mekundumekundu na harufu ya yai lililooza. Nilimwambia Masika, Biira tukimpata tumpitishe hapa azibe pua. Masika aligeukia upande mwingine.

Kutoka hapo barabara ilishika ukingo wa ziwa kubwa, na kicheko kikaisha chenyewe. Sijui nikuelezee vipi. Ilikuwa mchana kweupe, jua liko utosini, lakini hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Maji yalilala yana rangi ya bati. Siku nyingine ukisimama pale unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Siku ile hapakuwa na ng'ambo. Maji yalikwenda, yakafika mahali, yakawa mbingu. Nyuma nayo Rwenzori yetu ilikuwa imefutika. Kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara, walisimama ufukweni mmojammoja wakielekea upande mmoja, kama wazee wanaongoja mazishi kuanza.

Kambi yenyewe ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa majini. Kuta zilisimama bila mabati, na nyumba moja ilikuwa na mlango bado, maji yakiingia na kutoka pale mlangoni polepole, kama watu wa nyumba hiyo.

Mama mmoja alikuwa anapika ngege, samaki wa ziwa lile, kwenye jiko la mawe. Alikuwa mtu mzima, mchangamfu, hatujawahi kumwona.

"Watoto wanaitwa nani?" akauliza.

"Masika na Kabugho," baba akasema.

Akapakua sahani za watoto. Tatu.

"Mama, hawa ni wawili," baba akamwambia.

"Masika, Biira, Kabugho," yule mama akahesabu, akinyooshea kila sahani kijiko. "Huyo mwingine atakuja akisikia harufu. Watoto ya hapa wote ni hivyo, ukiita hawasikii, ukipakua wanatokea."

Baba alifungua mdomo. Mama akamgusa goti. "Iache tu," akasema.

Mimi nilifurahi mpaka nikashindwa kumeza. Kumbe hapa wanamjua.

Tulipokwisha kula, mama alivua viatu, akachukua begi dogo jeupe alilolishona mwenyewe, akaenda penye miti. Aliikumbuka mitatu. Mmoja ulikuwa bado nchi kavu. Mmoja ulisimama ndani ya maji umekufa, mweupe kama mfupa. Wa tatu haukuwepo. Mama aliweka mgongo kwenye ule mti wa nchi kavu, kama mtu anayepimwa urefu, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Siku ile ya kuzika alihesabu kumi, akaziweka moyoni. Moja, mbili, tatu. Ya nne ilikanyaga maji. Akasimama.

"Maji imeshafika," akamwambia baba. Hakulia. Alikuwa amebeba lile begi kama mtu aliyefika sokoni akakuta watu wameshaondoka.

Mimi sikuwa nao. Nilikuwa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, na gauni langu la njano, nikimtafuta Biira chini ya mbao, maana kama ningekuwa mimi ningejificha pale. Ndipo nikamsikia mama akiita.

"Biira."

Alimwita kwa ile sauti ya jioni ya mlangoni, ileile anayotuitia sisi tuje tule. Hapana jibu. Akaita tena. "Biira."

Niliona aibu kwa ajili ya dada yangu. Nyumbani kwetu ukiitwa mara ya tatu, mwito unakuja na fimbo. Mama amesafiri mbali namna hii, amemwita kwa upole, na yeye amenyamaza tu. Nikasema moyoni, ngoja nimsaidie, asichapwe siku ya kwanza. Nikaweka mikono mdomoni nikaitika kutoka nyuma ya mtumbwi, kwa kasauti kembamba.

"Mama, niko."

Halafu nikasikia maji.

Nilipochungulia, mama alikuwa anaingia ziwani. Hakukimbia. Alitembea kama anavyotembea kutoka sebuleni kwenda jikoni, maji magotini, maji mapajani, mikono ameitanguliza mbele. Hatua kama ishirini kutoka kwake kiboko alipumua, ile pumzi ya kunyunyiza maji juu, na mama hakugeuka hata kidogo.

"Mama Masika," baba akaita. Halafu akaliita jina lake la ubatizo, ambalo sikuwahi kulisikia mdomoni mwa baba, na akaingia na viatu vyake.

Nilitoka nyuma ya mtumbwi nikilia. "Mama, ni mimi. Ni Kabugho. Ni mimi nimejibu."

Baba alishika kitenge, kitenge kikafunguka kikabaki mkononi mwake, akashika mkono. Maji yalikuwa yamefika kifuani. Alimvuta kinyumenyume mpaka mchangani, wakaanguka pamoja, na kule mbele viboko wakawa watatu, wametoa macho na masikio tu, wanatutazama.

Nilijua nitapigwa kipigo cha maisha. Mama alinivuta tu, akanikalisha kwenye sketi yake ya ndani iliyolowa. Alikuwa ametulia kabisa, na hicho ndicho kilichonitia hofu.

"Uliitika mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara moja, mama."

Akamgeukia Masika, aliyekuwa amesimama penye ule mti wa nchi kavu ameshika matawi bila kujali utomvu. "Na wewe?"

Masika akatikisa kichwa.

"Nilisikia mbili," mama akasema. "Moja huku." Akaniwekea kiganja kichwani. "Moja kule."

Alinyooshea kidole maji, pale ule mti mweupe ulipokuwa umesimama.

Baba akasema ni mwangwi. Tulitazama wote lile ziwa lisilo na mlima wala ukuta wa kurudisha sauti. Baba akaokota lile begi jeupe, akachuchumaa ukingoni, akaanza kuchota mchanga wenye maji, maana hakutaka tumrudishe mama mikono mitupu.

"Acha, Baba Masika," mama akamwambia. "Ametujibu kutoka kwake. Hapo ndiyo nyumbani yake sasa. Tusimubebe kwa nguvu."

Tulirudi kwenye jiko la mawe kuchukua viatu vya mama. Ile sahani ya tatu ilikuwa tupu. Baba alimtazama kaloli aliyesimama karibu, nami nikamtazama, na nilitaka sana awe yeye. Lakini kaloli anameza samaki na miiba yake. Kwenye sahani ile miiba ilikuwa imepangwa ukingoni, mmoja baada ya mwingine, kama sisi tulivyofundishwa na mama ili mtoto mdogo asichomwe.

"Amemaliza," yule mama mpishi akasema, akaichukua kwenda kuiosha.

Kurudi, tulipanda nyuma kama tulivyokuja. Gauni la njano lilibaki kule kwenye mtumbwi, na hakuna aliyeniambia nilirudie. Nilikuwa nimechoka, nikataka kulala nimenyoosha miguu, nikaanza kujisogeza katikati ya godoro.

"Acha nafasi," Masika akaniambia.

Leo barabara ya kule inapitika kwa raha, na vijana wa Kasese wanakwenda likizo na spika kubwa. Mwaka jana nilifuatana nao, wasichana wa saluni na kijana mmoja wa bodaboda, kwa sababu mimi mtu wa safari huwezi kuniacha nyumbani. Nilicheza muziki kuliko wote. Lakini niliona jambo moja: wanasimama kutwa nzima wamelipa ziwa kisogo. Wanapanga midomo, wanapanga mwanga, wanajitazama kwenye kioo, na nyuma yao maji yako pale yanafanya mambo yake, hakuna anayeyaangalia. Nilitamani kuwaambia wageuke. Watanicheka, watasema dada umezeeka kabla ya siku zako, nami bado sijaolewa.

Hata kuitana kumebadilika. Sisi tuliitwa kwa sauti na tukaitika kwa sauti, mtaa mzima ukajua mtoto wa fulani yuko salama. Sasa mama yuko Bwera, mimi niko Kasese na cherehani yangu, na jioni ananipigia simu. Nashika, nasema, "Mama, niko." Yeye hajibu papo hapo. Ananyamaza kidogo, nasikia pumzi yake tu, halafu ndipo anaanza kuniuliza nimekula nini. Miaka mingi nililaumu mtandao, kwa sababu kule mpakani laini ya Uganda na ya Kongo zinavutana. Siku hizi silaumu kitu. Ninainua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani, isipige kelele, na ninangoja pamoja naye.