Matairi Aliyoyachagua Omary

Mzee Mustapha alivunjika nyonga akikata mkungu wa ndizi kibanjani kwake, Muleba. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mguu ukateleza, akaangukia kisiki. Hospitalini Bukoba walimpasua, wakamwekea vyuma. Daktari alipomruhusu alisema kazi iliyobaki ni mazoezi tu: kila wiki aletwe anyooshwe mguu, la sivyo nyonga ingekakamaa.

Watoto wake walitaka akae Bukoba mjini, kwa binti yake Maimuna, mpaka apone. Maimuna, aliyemwita Tata, yaani baba kwa Kihaya, alimbembeleza sana, lakini mzee hakutaka hata kulisikia hilo. Alale nyumbani kwa mkwe? Akasema atakuwa anakuja na kurudi.

Mkwe mwenyewe alikuwa Omary, mume wa Maimuna na baba wa binti yao Shamsia, fundi simu mwenye kibanda chake mjini na nyumba yake Kibeta. Ndiye pekee katika familia aliyekuwa na gari, Mark X ya rangi ya fedha, na aliipenda kiasi kwamba majirani walimtania kuwa ni mke mdogo. Alikubali kazi hiyo bila kusukumwa. Tatizo lilikuwa matairi. Yalikuwa yameisha mpaka yakang'aa.

"Baba Shamsia, nunua matairi mazuri," Maimuna alimwambia. "Ile njia ya nyumbani unaijua. Tata akirushwarushwa, ile nyonga itamuua."

Omary alikwenda dukani kwa Jagdish, ambaye familia yake imeuza vipuri Bukoba tangu enzi za babu yake. Jagdish alimwekea mbele matairi mawili.

"Hili la safari," alisema, akiligonga kwa kiganja. "Ukuta wake mnene, halipigi kelele, linadumu. Shimo likija, linalimeza lenyewe kabla halijafika mgongoni kwako. Na hili la mwendo. Pana, ukuta mwembamba. Kona unaipiga bila kupunguza. Lakini linataka rimu kubwa zaidi, na kila jiwe utalisikia. Unakwenda wapi zaidi?"

"Muleba. Nampeleka baba mkwe, mgonjwa."

"Basi umeshajijibu."

Lakini Omary hakuwa amejijibu. Rafiki yake Riyadhi alikuwa amefunga matairi kama yale ya pili, na kila alipolileta gari pale wanapooshea magari, watu waliacha walichokuwa wakifanya wakaja kuangalia. Omary alilishika tairi la mwendo, akapitisha vidole kwenye meno yake.

"Kwenye mvua lipi linashika zaidi?"

"Hilo, kidogo," Jagdish alisema. "Ila kwa mwendo wa mtu anayebeba mgonjwa hutaona tofauti yoyote."

Omary alisikia nusu ya kwanza ya jibu. Nusu ya pili aliisikia pia, akaiacha pale dukani.

Maimuna alilizunguka gari uani. "Mbona rimu kubwa hivi?"

"Ni usalama. Jagdish mwenyewe kasema haya ndiyo yanashika zaidi kwenye mvua."

Hakuwa amesema uongo. Ndivyo alivyojiambia wakati akinawa mikono, na ndivyo alivyojiambia tena kitandani.

Safari ya kwanza walitoka Muleba asubuhi. Kutoka kijijini mpaka kwenye lami kuna kipande cha mawe na makorongo, na gari lililipokea kila jiwe kama nyundo. Kwenye kioo Omary alimwona mzee ameshika mpini wa juu ya dirisha kwa mikono miwili, midomo ikichezacheza.

"Baba, inauma?"

"Hapana, mwanangu. Gari yako nzuri. Naona watu wote wanaigeukia."

Na Omary alifurahi. Baadaye, alipolikumbuka jambo lile zima, kitu kilichomchoma kuliko vyote kilikuwa furaha ile.

Walikwenda hivyo mara chache. Kila waliporudi, mzee alishushwa akiwa na jasho usoni hata siku za baridi, na kila mara alishukuru kwa maneno marefu kama anayeagana na mgeni. Kisha siku moja akapiga simu. Mkwe wangu asijisumbue tena, alisema. Amepatikana muuguzi pale kijijini, anamfanyisha mazoezi nyumbani.

"Muuguzi gani?" Maimuna alishangaa.

"Kama yupo, si bora?" Omary alisema haraka. Alihisi mzigo umetua, na hakutaka kuufungua aone una nini ndani.

Miezi ikapita. Mzee kwenye simu alikuwa mzima siku zote. Halafu shangazi yake Maimuna akaugua, Maimuna akapanda basi kwenda Muleba kumtazama, akapitia kwao bila kutoa taarifa.

Alirudi jioni. Omary alikuwa sebuleni. Maimuna hakuvua hata mtandio.

"Hakuna muuguzi," alisema. "Hajawahi kuwepo. Mama kaniambia Tata akirudi na gari yako alikuwa halali, analia kimyakimya. Akamkataza mama asiseme. Eti, nitamwambiaje mkwe wangu kwamba gari yake inanitesa? Mguu umekakamaa, Baba Shamsia. Anatembea kwa kuuburuta."

Omary aliweka simu yake mezani.

"Wewe ulisema ni usalama."

Ndipo akamweleza yote: tairi la kwanza, tairi la pili, jibu la Jagdish lote kamili. Maimuna hakupiga kelele. Alivua mtandio wake, akaukunja polepole.

"Yeye alinyamaza kwa kukuheshimu," alisema. "Wewe ulinyamaza kwa ajili ya nini?"

Kesho yake Omary alifunga matairi ya safari, akaenda kumchukua mzee bila kupiga simu, asije akakataa. Njia ilikuwa ileile. Gari lilikwenda likiyumba taratibu, na mzee alisinzia kabla hawajafika Muhutwe. Usingizi ule ulimuumiza Omary kuliko ambavyo kelele ingemuumiza.

Daktari aliupima mguu, akaukunja, akasimama. Alisema mazoezi yatasaidia, maumivu yatapungua, fimbo anaweza kuiacha. Ila kupiga magoti, hapana. Muda wake umepita.

Wakiwa njiani kurudi, Omary alisimamisha gari kando ya barabara, Kemondo. Aligeuka nyuma.

"Baba, nilikuwa na nafasi ya kuchagua matairi laini. Niliambiwa kabisa. Nikachukua yale kwa sababu yanapendeza. Naomba unisamehe."

Mzee Mustapha aliilaza fimbo yake mapajani.

"Nilijua ni matairi," alisema. "Kabla yake ulikuwa unanichukua kwenda msibani na hainirushi vile. Lakini mtu ameacha kazi yake, amechoma mafuta yake, anakubeba wewe. Unaanzaje? Na mimi nilikosea. Ningesema. Nimekusamehe, mwanangu. Tuendelee, mama yenu ananisubiri."

Alisamehe hivyo hivyo, kama mtu anayekupisha mlangoni, na Omary hakujua auweke wapi msamaha mwepesi namna ile. Aliendelea kumpeleka kliniki mpaka daktari aliposema inatosha. Maimuna naye alirudi kuongea na kucheka, ingawa tangu siku hiyo Omary akimwambia "fundi kasema", humuuliza fundi alisema nini kingine.

Ijumaa moja Omary aliswali msikiti wa Muleba, bega kwa bega na mkwewe. Safu nzima iliposhuka kusujudu, mzee alibaki kwenye kiti chake cha plastiki, ameinamisha kichwa tu, mikono juu ya mapaja. Paji la uso la Omary lilikuwa kwenye mkeka, pembeni kabisa ya miguu ile miwili, mmoja ukiwa umenyooka mbele. Imamu alitoa takbira, watu wakainuka. Omary alichelewa kuinuka.