Marcella na onyo lililopotea kwenye skrini

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Marcella Karimi anafunua kompyuta iliyolala chini ya kitambaa cha maua na kuiwasha. Windows 95 inajikongoja kuamka huku yeye akipanguza vumbi jekundu la Tigania kwenye kibodi. Maabara inataka majina ya watoaji damu wa kundi O.

Marcella, mwenye umri wa miaka 34, ni karani wa kumbukumbu katika hospitali ya misheni karibu na Muthara. Alianza kama mpiga chapa. Lugha ya kompyuta iitwayo Perl alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kinene alichoachiwa na mfanyakazi wa kujitolea.

“Miezi mitatu ya kwanza sikuelewa kitu,” anasema akicheka. “Nilikuwa nasoma tu kama mtu anasoma Biblia ya Kigiriki.”

Hospitali ina programu ya zamani yenye majina ya watoaji damu 612. Aliyeitengeneza alishaondoka, na hakuna awezaye kuifungua ndani. Marcella aliandika programu ya Perl inayoiita ile ya zamani kama mzazi anavyomtuma mtoto, kisha inapokea majibu yake na kuchapisha orodha safi.

Machi 1998, mama aitwaye Wamuyu alivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Orodha ikamtaja Hezekiah, mkulima wa jirani, kuwa kundi O. Akaletwa mbio, akiwa bado na matope ya shamba miguuni. Mithika, fundi wa maabara, akampima kwanza.

“Huyu ni A,” Mithika akamwambia Marcella, ambaye hospitalini huitwa kwa jina la mwanawe. “Mama Kendi, hii karatasi yako imetoa wapi O?”

Ilichukua saa mbili kumpata mwalimu mmoja wa kundi lililofaa. Wamuyu alipona. Marcella hakuonja chakula siku hiyo.

Kesho yake aliendesha programu tena na tena, macho yasibanduke kwenye skrini. Dirisha jeusi lilifunguka na kufungika kufumba na kufumbua. Mara ya tisa akawahi kusoma maneno mawili: kundi halilingani.

Kumbe yule mtoto anayetumwa, yaani programu ya zamani, alikuwa na midomo miwili. Kwa mmoja alitoa majibu, na kwa mwingine alitoa malalamiko. Perl ya Marcella ilisikiliza mdomo wa kwanza tu. Onyo kwamba Hezekiah alikuwa ameandikwa makundi mawili tofauti liliishia kwenye lile dirisha jeusi.

Hakuna aliyekuwa ameligundua hilo. Angeweza kunyamaza. Badala yake alibisha mlango wa Daktari Ndwiga, msimamizi wa hospitali.

“Daktari, makosa ni yangu. Hiyo orodha msiiamini.”

Daktari akatoa kabatini daftari la zamani la watoaji damu. “Basi turudi kwa daftari, mpaka uitengeneze. Na asante kwa kuniambia mwenyewe.”

Kitabu kilielekeza aongeze alama chache za kuunganisha midomo yote miwili. Windows 95 haikuzielewa kabisa. Siku nne zikapita. Siku ya tano akapata njia nyingine: kabla ya kumtuma mtoto, Perl ifungue faili tupu na kuelekeza malalamiko yote humo. Mtoto akimaliza, faili isomwe na kuchapishwa juu ya orodha.

Alijaribu na jina la Hezekiah. Printa ikakwaruza, na onyo likatokea mstari wa kwanza.

“Nililia,” asema. “Mithika akaniuliza kama nimefiwa.”

Alipopitisha majina yote 612, maonyo yalifika kumi na moja. Watoaji wote hao waliitwa wakapimwa upya, na wanne walikuwa wameandikiwa kundi lisilo lao.

Sasa zahanati mbili, moja ikiwa Kiirua, zimeomba programu hiyo. Marcella anaandika maelezo yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kila jioni baada ya kukamua ng’ombe. Amefika wa kumi na saba.

“Nataka karani yeyote aweze kuisoma bila kuniita,” anasema. “Na Wamuyu amesema mtoto wake akitimiza mwaka, yeye mama mtu atakuja hapa kutoa damu. Jina lake nitaliingiza kwa mkono wangu.”