Kereng'ende wa Pili wa Upanga wa Kijapani

Enzi zetu, sisi watoto wa Bukavu tuliokulia Durban, furaha haikutoka dukani, ilitoka kwenye korido ya ghorofa. Wasichana tulifunga mpira wa kiunoni wa suruali kuukuu kwenye viti viwili, tukaruka mpaka jirani wa chini agonge dari kwa ufagio. Wavulana walipiga kabumbu kwa mfuko wa plastiki uliojazwa magazeti. Jumamosi harufu ya sombe ya Mama, yale majani ya muhogo, ilikutana ngazini na harufu ya bizari ya majirani Wahindi, nasi tukasimama katikati bila kujua njaa yetu inaelekea mlango gani. Mama akikutuma mkate alitema mate sakafuni akasema, "Yasikauke kabla hujarudi." Ulikimbia, bwana! Leo mtoto ukimtuma mkate anakuuliza kwanza simu ina chaji kiasi gani.

Lakini nataka kuwasimulia habari ya Baba na upanga mfupi wa Kijapani, kwa sababu kila nikiikumbuka mgongo wangu unanyooka.

Wakati ule Baba alikuwa analinda magari kwenye maegesho ya maduka, Overport. Alivaa koti la njano linalong'aa, akawaonyesha madereva nafasi kwa mkono, akashukuru kwa chochote alichopewa. Wenye magari hawakujua kwamba kule Bukavu mtu yule alikuwa sonara, fundi wa dhahabu na fedha, na kwamba mabibi harusi walimngoja yeye kabla ya kupanga tarehe. Vifaa vyake alivuka navyo mipaka akiwa amevifunga kwenye soksi: koleo ndogo mbili, patasi nyembamba tano, na nyundo yenye kichwa kama kifungo.

Siku moja mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliyeitwa na mtaa mzima Auntie Premi, alikatikiwa bangili akipakia mboga kwenye gari. Baba akatoa koleo mfukoni, akaiunga palepale juu ya boneti. Auntie akaigeuza geuza, akatafuta mahali ilipokatika asipaone. Akamtazama Baba kama anamwona kwa mara ya kwanza. Jumapili iliyofuata alitualika kwake, nami nikaenda kuwa mtafsiri, maana Kiingereza cha Baba kilikuwa kinaishia kwenye "come, come, stop, sharp."

Mezani, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na upanga. Haukuzidi urefu wa mkono wangu wa miaka kumi na mmoja, kutoka bega hadi ncha za vidole. Ala yake ilikuwa ya mbao iliyopakwa utomvu mweusi, ikang'aa kama maji ya kisima. Baba hakuugusa. Alinawa kwanza, akaomba ruhusa, ndipo akauchomoa polepole. Kwenye ubapa, karibu na makali, kulikuwa na mstari mweupe wa mawimbi, kama pwani inavyoonekana ukiwa juu ya ghorofa za South Beach.

"Ona, Furaha," akaniambia kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani. "Ile haikuchorwa. Ni moto na maji vilipigania pale."

Akanionyesha kila kitu, kipande kwa kipande. Kisahani cha chuma cha kukinga mkono, kimetobolewa majani ya mwanzi membamba kama unywele. Kikola cha shaba kinachoubana upanga usicheze ndani ya ala. Mpini uliovikwa ngozi ya samaki taa, yenye vipele vyeupe kama mchele, ili kiganja kisiteleze. Na kijiti kimoja tu cha mwanzi kikishikilia upanga wote kwenye mpini. "Kijiti moja!" Baba akacheka kwa furaha kabisa. "Na haijaanguka miaka yote!"

Auntie akatueleza. Marehemu mumewe alikuwa karani bandarini. Fundi mmoja Mjapani wa meli aliugua, meli yake ikamwacha hospitalini Durban, na mumewe akawa anampelekea chakula kila siku mpaka akapona, ingawa hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Miaka miwili baadaye Mjapani akarudi na meli nyingine, akamletea upanga wa ukoo wake. Sasa wote wawili wamekufa. Binti wa yule Mjapani, Bi Haruko, ameandika kwamba atakuja baada ya majuma sita, na Auntie anataka kumrudishia urithi wake.

"Lakini siwezi kuurudisha hivi," akasema.

Kamba ya hariri ya mpini ilikuwa imeoza. Chini ya kamba, kila upande, panapaswa kuwa na pambo dogo la kukijaza kiganja. Upande mmoja alikuwepo kereng'ende mweusi mwenye mng'ao wa buluu, hazidi nusu ya kidole changu, mabawa yake yana mishipa. Upande wa pili palikuwa patupu. Kereng'ende wa pili alipotea zamani. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale mjini alikwisha kumwambia Auntie kwamba hakuna mtu Durban nzima anayeweza kumtengeneza, amuuzie yeye tu kama ulivyo.

Nilipomtafsiria Baba maneno hayo, alimgusa kereng'ende kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Mwambie huyo muuzaji hajazunguka Durban nzima. Hajafika parking ya Overport."

Auntie akacheka mpaka akafuta macho. Akamfunga kereng'ende kwenye leso yake, akampa Baba aende naye nyumbani. Mwanawe wa kiume aliyekuwa mlangoni akasema kwa Kiingereza, akidhani sisikii, "Mama, unampa car guard? Hutamwona tena." Hiyo sikuitafsiri. Lakini Baba alimwona usoni, na nadhani alielewa.

Basi nyumba yetu ikageuka karakana. Baba aliomba lami kwa mafundi waliokuwa wanaziba paa la jirani, akaiyeyusha kwenye bakuli, akalaza juu yake bati jembamba la shaba na kulipiga kutoka nyuma, tik, tik, tik, mpaka kereng'ende akaanza kuvimba kama anatoka usingizini. Lakini rangi ile nyeusi hakuijua. Tukaenda maktaba, mwenye maktaba akatupatia kitabu kikubwa cha picha za panga za Kijapani, na mimi nikasoma, yeye akasikiliza huku macho kafumba.

Kitabu kilisema wapiganaji walimpenda kereng'ende kwa sababu waliamini huruka mbele tu, harudi nyuma. Baba akaniomba nisome mara mbili. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa rangi, na hapo ndipo penye aibu yangu. Kulikuwa na sentensi yenye neno "alloy". Sikulijua. Nilikuwa wa kwanza darasani, Baba ananisifu kanisani kwa watu wote, nitasemaje sijui? Nikairuka.

"Wanatumia nini?" akauliza.

"Shaba tu," nikasema. "Wanaichemsha na mrututu na kutu ya kijani. Kwanza wanaichovya kwenye maji ya figili nyeupe iliyokunwa."

Auntie akaleta figili kutoka jikoni kwake, Baba akatafuta mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, na sufuria moja ya Mama ikafa kifo cha kishujaa, maana baada ya hapo Mama aliifukuza jikoni milele. Tulichemsha Jumamosi mchana kutwa. Kereng'ende akatoka mwekundu kama tofali. Tukachemsha tena. Mwekundu. Baba akajaribu moshi, akawa mweusi, lakini Auntie alipomgusa weusi ukabaki kwenye kidole gumba chake.

Hakumlaumu. Alifuta kidole kwenye sari yake, akasema taratibu, "Labda yule muuzaji alisema kweli." Zilibaki siku kumi na mbili.

Baba alikaa kwenye kitanda akiangalia mikono yake yote miwili. Nimeshamwona Baba akitukanwa njiani, akiitwa majina kwa Kizulu na kwa Kiingereza, hakuwahi kukaa vile. Nikapiga magoti mbele yake nikalia.

"Baba, kuna mstari niliruka. Kulikuwa na neno silijui."

Nilingoja kofi. Akanishika kidevu. "Furaha, mimi kila siku ninasema sijui. Asubuhi, mchana, ninasema sijui. Imeniua? Twende maktaba."

Mwenye maktaba akatueleza: "alloy" ni madini yaliyochanganywa, na hapa ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na dhahabu kidogo. Bila ile dhahabu ndogo, hata uchemshe mwaka mzima, weusi hauji. Baba akapiga makofi peke yake katikati ya watu wanaosoma. Kumbe mkono wake haukukosea!

Dhahabu yetu ilikuwa moja tu: hereni za Mama, alizotengenezewa na Baba mwenyewe kabla ya ndoa, ambazo Mama alizificha kwenye nywele zake alizosuka siku tulipokimbia. Iliyohitajika ilikuwa kama nusu ya punje ya mchele. Baba alishindwa kuomba. Mama ndiye aliyevua moja, akaiweka mbele yake.

"Kata ndoano. Sikio yangu haitalia."

"Nitakurudishia."

"Sikukuuliza," Mama akasema. "Kata."

Akakata, akayeyusha, akapiga bati jipya, akaanza upya tangu bawa la kwanza. Wanaolia leo simu ikichelewa kufungua picha, ningependa wangemwona. Siku tisa, kila alipotoka kazini, akihesabu mishipa ya mabawa kwa kioo cha kukuzia kilichopasuka. Jumamosi tukamchovya kwenye figili, tukamtia kwenye maji yanayochemka. Akawa wa kahawia. Akawa wa zambarau. Kisha, mbele ya macho yetu, akawa mweusi mwenye buluu ndani yake, kama manyoya ya kunguru aliyenyeshewa. Mama akapiga vigelegele, jirani wa chini akagonga dari.

Nyuma ya kereng'ende, upande usioonekana, Baba alichora neno moja: Bukavu. Nikamwuliza kwa nini, na kamba itafunika. "Kudanganya ni kazi nyepesi," akasema. "Siku mtu akiufungua, ajue huyu hakuzaliwa Japani."

Kamba alifunga Mama. Alikuwa msusi saluni, vidole vyake vilijua kuvuta sawasawa. Auntie alipata hariri nyeusi kwa muuza sari, Mama akaangalia picha ya kitabu mara tatu, akasuka mpini wote kwa misalaba iliyolingana, kila upande kereng'ende akichungulia katikati.

Bi Haruko akaja. Mama mfupi, mvi, nguo za kijivu, Kiingereza chake cha polepole kama changu cha kwanza. Aliinama mbele ya upanga kabla ya kuushika. Tulikuwa tumejaa sebuleni kwa Auntie, hata yule mwanawe wa mlangoni. Aliuchunguza muda mrefu, akapitisha kidole upande huu, akapitisha upande ule. Kisha akasema, "Huyu ni mpya."

Alikuwa amemgusa wa Baba.

Nikatafsiri, sikuruka hata neno. Baba akatabasamu.

"Mwambie ni kweli. Yule wa zamani ameshikwa na mikono mingi. Wangu bado."

Bi Haruko aliposikia aliweka upanga chini, akamwinamia Baba. Yule mtu wa koti la njano! Akaomba karatasi na kalamu. Alieleza kwamba kwao upanga huenda na maandishi yake, nani alifua, nani alipamba, na kwamba haya yatakaa na upanga hata wao wote wakifa. Akauliza jina la Baba na mahali alipojifunza kazi. Na jina la Mama pia, kwa ajili ya kamba.

Tangu tuvuke mpaka, jina la Baba lilikuwa linaandikwa kwenye karatasi za kuomba: kuomba kukaa, kuomba kuongezewa miezi. Siku ile alilisema lote, la ubatizo, la kwake na la babu yake, akasimama wima mpaka Bi Haruko alipomaliza herufi ya mwisho. Mwana wa Auntie akaja akampa mkono. "Eish, baba," akasema.

Auntie akawaambia wenzake, wenzake wakaleta mikufu, na kabla ya mwaka kuisha Baba alivua koti la njano akakaa nyuma ya meza yake mwenyewe, Overport.

Leo mambo yamegeuka. Mpwa wangu ana ukurasa wa mtandaoni unaomwita mbunifu wa vito, ana nembo, ana picha zake amekunja mikono, na pete hata moja hajamaliza. Simcheki sana, dunia ndiyo inamtaka hivyo. Enzi zetu kazi ilitangulia, jina likaja nyuma polepole, likitembea kwa miguu. Sasa jina linapanda taxi mapema na kazi inaachwa kituoni. Na kitu kikiharibika mara ya kwanza hakifanywi tena, kinatupwa.

Baba hafanyi kazi tena. Mikono inamtetemeka, kijiko chenyewe ni vita. Jumapili iliyopita nilikuwa namvalisha shati la kanisani, nina haraka, watoto wanapiga honi chini. Akajitazama kwenye kioo, akainamisha kichwa.

"Kifungo ya tatu, Furaha. Imepinda."

Nikavifungua vyote, nikaanza upya.